BrahMos ndani ya nyambizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu makombora yanayoipita spidi ya sauti

Kabla ya yote tuelewane maneno. Hapa nyambizi ni chombo kinachozama, manowari ni meli ya kivita inayoelea juu, sababu kuna wengine wanaziita zote manowari na mjadala unavurugika mapema. Na mfano mkubwa nimeuchukua India, kwa sababu kombora wanalo, limefaulu jaribio la chini ya maji tangu 2013, linaitwa BrahMos, lakini nyambizi ya kulibeba mpaka sasa hawana, na ukielewa kwa nini basi somo lote umelielewa.

Kombora la kruzi lenye spidi kuliko sauti ni kitu gani hasa?

Ni kombora linaloruka kama kindege kisicho na rubani, linavuta hewa na kuunguza mafuta njia nzima mpaka linafika, sio kama yale makubwa yanayotupwa juu angani kama jiwe halafu yanadondoka. Makombora mengi ya kupiga meli, mfano Exocet ya Wafaransa na Harpoon ya Wamarekani, yanakwenda chini kidogo ya kasi ya sauti, tuseme mita 290 hivi kwa sekunde. BrahMos inafika mara 2.8 ya kasi ya sauti, kaka yake wa Kirusi P-800 Oniks anafika mara 2.5 hivi. Na nasema kaka yake kwa maana kabisa, BrahMos imezaliwa kutoka kwenye Oniks, India na Urusi walisaini makubaliano Februari 1998, jina lenyewe ni mito miwili imeunganishwa, Brahmaputra na Moskva, jaribio la kwanza likafanyika Chandipur, jimbo la Odisha, tarehe 12 Juni 2001.

Injini yake ni ramjeti. Ramjeti haina mapanga yanayozunguka ndani, hewa inaingia kwa mbele na inajibana yenyewe kwa sababu ya spidi, mafuta yanamwagiwa humo (jamii ya mafuta ya taa haya haya), yanawaka, msukumo unatoka nyuma. Tatizo ni kwamba ikiwa imesimama haiwaki, lazima kwanza kuwe na busta ya baruti ngumu ya kulisukuma kombora mpaka lipate spidi ya kutosha. Hii busta kumbuka, ni uzito, na ni urefu, tutairudia.

Kwani spidi inasaidia nini, si kombora likifika limefika tu?

Hapana, chukua kalamu tupige hesabu. Dunia ni mviringo, rada ya manowari iliyofungwa mita 20 juu ya maji haiwezi kuona kitu kinachokuja mita 10 juu ya mawimbi mpaka kiwe umbali wa kama km 31. Hapo ndo king'ora kinalia. Kombora la mita 290 kwa sekunde litamaliza hizo km 31 kwa sekunde 107 hivi. Lenye mita 850 kwa sekunde linamaliza kwa sekunde 36. Ndani ya hizo sekunde 36 rada igundue, kompyuta ithibitishe kwamba sio ndege wa baharini wala wimbi, mtu atoe amri, kombora la kujikinga litoke kwenye mtungi wake, lipande, ligeuke, likutane na mgeni mbali na meli. Ukikosa mara ya kwanza nafasi ya kujaribu tena karibu hakuna.

Faida ya pili watu wengi hawaitaji na mimi naiona ndo kubwa zaidi kwa nyambizi. Meli lengwa haijasimama. Meli ya 55 km kwa saa, ukiirushia kombora la kawaida kutoka km 290, kombora linachukua karibu dakika 17 njiani na meli imeshasogea km 15. Ukirusha la mara 2.8 ya sauti linachukua dakika 6 pungufu kidogo, meli imesogea km 5 tu. Pua ya kombora ina rada ndogo ya kutafutia, eneo la km 5 inalimudu, eneo la km 15 lenye meli za mizigo na za wavuvi katikati ni habari nyingine.

Nani walianza kuyaweka kwenye nyambizi?

Wasovieti, na sababu ni meli za Marekani zinazobeba ndege. Wao hawakuwa na meli za namna hiyo za kulingana nazo wakaamua wazipige kutoka mbali kwa makombora. Mwanzoni nyambizi zao ambazo NATO iliziita Echo II zilibeba makombora 8 ya P-6, lakini ili kurusha ilibidi ziibuke juu ya maji kabisa, zikae hapo na rada imefunguliwa, yaani kile kitu kinachoilinda nyambizi ambacho ni kujificha unakitupa mwenyewe. Halafu ikaja P-70 Ametist kwenye nyambizi za Charlie, hiyo sasa ilirushwa ukiwa umezama, ila spidi yake ilikuwa chini ya sauti na masafa mafupi. India walikodi Charlie moja kutoka kwa Wasovieti, wakaiita INS Chakra, wakakaa nayo 1988 mpaka 1991, kwa hiyo wanamaji wao hii habari ya nyambizi yenye makombora wanaijua kwa kuishi nayo.

Kilele kilikuwa P-700 Granit, iliyoingia kazini miaka ya 1980. Kombora moja tani 7, urefu wa mita 10, linaipita sauti hata likiruka chini chini. Nyambizi ya Oscar II inabeba 24, mitungi 12 kila ubavu, imelazwa kwa kuinama mbele, nje ya gamba la ndani linalobeba watu. Ndo maana Oscar II ina urefu wa mita 154 na upana wa mita 18. Hii sio bahati mbaya, nyambizi nzima imechorwa kulizunguka kombora.

Nyambizi ya Kirusi Kursk iliyozama si ilikuwa Oscar II? Ni hayo makombora yalilipuka?

Ndiyo ilikuwa Oscar II, na hapana, sio makombora. Tarehe 12 Agosti 2000 kwenye Bahari ya Barents topido (silaha inayokwenda ndani ya maji kupiga meli) ya mazoezi inayotumia haidrojeni peroksaidi ililipuka kwenye chumba cha mbele, dakika 2 na kidogo baadaye vichwa vya topido zingine vikafuata, watu wote 118 wakafa, na kati yao 23 walikuwa hai kwanza kwenye chumba cha nyuma kwa masaa, mmoja akaandika karatasi gizani. Makombora ya Granit yalibaki kwenye mitungi yake mpaka nyambizi ilipoinuliwa 2001. Naliweka hili wazi kwa sababu watu wanasema "makombora ni hatari kuyabeba" wakitaja Kursk, wakati silaha iliyowaua wale vijana ni topido ya aina ya zamani.

India walijaribu lini BrahMos chini ya maji?

Tarehe 20 Machi 2013, Ghuba ya Bengal, karibu na Visakhapatnam. Lakini soma vizuri: haikutoka kwenye nyambizi, ilitoka kwenye pontuni iliyozamishwa, kifaa cha majaribio chenye mtungi umesimama wima. Kombora likasukumwa na gesi likatoka majini, likajigeuza hewani, busta ikashika, likaruka masafa yake yote ya km 290 likapiga. Kazi ngumu ya pale ni kile kipande kifupi cha kutoka kwenye maji, mdomo wa injini unatakiwa ufunikwe na kifuniko maji yasiingie, kifuniko kitupwe kikiwa hewani, na virusha-moto vidogo vya kwenye pua vililaze kombora lielekee kwa adui kabla busta haijawaka. Vyote vikafanya kazi. Uongozi wa kampuni ukatangaza kwamba liko tayari kufungwa kwenye nyambizi za mradi wa P-75I, mpango wa India wa nyambizi mpya za dizeli.

Sasa mbona mpaka leo hakuna nyambizi ya India inayolibeba?

Hapa ndo penyewe.

Kwanza unene. Bomba la topido karibu dunia nzima lina kipenyo cha milimita 533. BrahMos imeshiba kuliko hapo, haiingii, mjadala wa bomba la topido umeishia hapo. Inabaki mitungi ya wima, na mitungi ya wima inataka kina: kombora lina urefu wa zaidi ya mita 8, nyambizi za Scorpène ambazo India wanaziita Kalvari, 6 zilizojengwa Mazagon Dock pale Mumbai, kuanzia gamba chini mpaka gamba juu hazina nafasi hiyo ukiondoa sakafu, mabetri, mitambo na watu. Kalvari ikiwa imezama ina tani chini ya 1,800. Linganisha na Yasen ya Urusi, nyambizi ya nyuklia ya tani elfu kadhaa, mita 130 na zaidi, moja ya aina hiyo, Severodvinsk, iliyoingia kazini 2014, ina mashimo 8 na kila shimo linameza Oniks 4, jumla 32.

Pili uzito. Nyambizi ni mizani, inaelea katikati ya maji kwa sababu uzito wake na maji inayoyasukuma vinalingana. Kombora pamoja na mtungi ni karibu tani 4. Linapotoka, maji yanaingia kwenye shimo, uzito unabadilika ghafla sehemu moja, pua inaweza kuinuka au kuzama, na matanki ya kusawazisha yanatakiwa yafidie ndani ya sekunde chache maana kombora la pili linasubiri. Kwenye nyambizi kubwa hili ni jambo dogo. Kwenye ndogo ya dizeli linakuwa kichwa cha wahandisi kuuma.

Tatu, wenye nyambizi sio wenye kombora. Mfaransa, Mjerumani, Mhispania wanauza nyambizi walizozichora kwa silaha zao, ukiwaambia wakate katikati waongeze kipande chenye mitungi kwa ajili ya kombora la Kirusi na Kihindi, hiyo ni nyambizi mpya, bei mpya, majaribio mapya, na siri za kufungua baina ya watu wasioaminiana. P-75I imezungumzwa miaka na miaka, mwishowe Mazagon Dock wakaingia na Wajerumani wa tkms, kampuni ya kujenga nyambizi, na kwenye hizo safari zote swali la mitungi ya wima limekuwa likipanda na kushuka. Mimi siwalaumu Wahindi kwa kusita. Mtu anayesema "wafunge tu" hajawahi kufikiria kwamba kila tani unayoipa kombora umeinyima betri, na nyambizi ya dizeli betri ndo pumzi yake.

Kwa hiyo nyambizi za India hazina kombora lolote la spidi?

Zinalo, la ujanja wa nusu kwa nusu. Nyambizi za dizeli za Kirusi aina ya Kilo ambazo India wanaziita Sindhughosh, kadhaa zilifungwa mfumo wa Klub-S, kombora la 3M-54E. Hili linaingia kwenye bomba la topido la milimita 533. Linakwenda kama la kawaida chini ya spidi ya sauti sehemu kubwa ya safari, masafa ya toleo la kuuzwa nje ni km 220, halafu likibakiza kama km 20 kipande cha mbele kinajitenga kinawasha injini yake kinafika karibu mara 3 ya sauti. Mafuta kidogo, umbo jembamba, na spidi ipo pale pale inapohitajika. Wachina nao YJ-18 yao ni falsafa hiyo hiyo. Ukiniuliza mimi kwa nchi yenye nyambizi za dizeli hili ndo jibu la akili kuliko BrahMos, faida ya dakika 6 inapotea ndiyo, lakini unapata silaha inayoingia kwenye nyambizi uliyonayo leo.

Na hapa kuna kumbukumbu mbaya. INS Sindhurakshak ilikuwa imerudi kutoka matengenezo Urusi, imefungwa mfumo huo mpya, na tarehe 14 Agosti 2013, miezi 5 tu baada ya lile jaribio la pontuni, ikalipuka ikiwa imefungwa gatini Mumbai na silaha zake ndani, wanamaji 18 wakafa.

Nyambizi iliyozama inamwonaje adui aliye km 290?

Haimwoni. Hili swali lingekuwa la kwanza na watu wanaliuliza la mwisho. Periskopu inaona km chache. Sona, yaani kifaa cha kusikiliza sauti majini, inaweza kusikia mbali bahari ikiwa na tabia nzuri, inakupa uelekeo, lakini umbali kamili na ni meli gani kati ya meli 10 zilizo upande ule, hapo inabahatisha. Lazima mtu mwingine aione, ndege au setilaiti au meli nyingine, halafu aipe nyambizi habari, na redio ya kawaida haipenyi maji ya bahari. Yanapenya mawimbi marefu sana tu, India wana kituo cha hayo mawimbi kinaitwa INS Kattabomman kule Tamil Nadu, lakini yanabeba maneno machache taratibu sana. Kwa data nyingi nyambizi inabidi isogee juu itoe antena, na antena nje ya maji ni kitu kinachoonekana kwenye rada.

Wasovieti walilijua hili wakatumia fedha zisizo na mfano. Walirusha ndege za Tu-95RTs za kupeleleza baharini, wakajenga mfumo wa setilaiti unaitwa Legenda, setilaiti zake za rada zilikuwa na kinu cha nyuklia ndani ili zipate umeme wa kutosha, na moja yao, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada tarehe 24 Januari 1978 ikamwaga vipande vyenye mionzi. Fikiria, yote hayo ili nyambizi ijue pa kuelekeza kombora. India leo wana ndege 12 za doria ya baharini za P-8I na setilaiti ya jeshi la majini GSAT-7 iliyorushwa Agosti 2013, ni msingi mzuri, ila mnyororo ni mrefu na kila pete inakula dakika.

Nyambizi ikisharusha si imejianika?

Kabisa. Kombora linatoka majini na moto na moshi mweupe, rada yoyote inayolitazama inaweza kuvuta mstari kurudi nyuma mpaka lilipoibukia, na helikopta zenye sona ya kuzamisha zinaelekezwa pale. Faida ya masafa marefu ni kwamba helikopta inatakiwa iruke zaidi ya saa nzima kuzifikia km 290. Ukirusha kutoka km 40 utafukuzwa muda huo huo. Kwa hiyo nahodha anarusha yote aliyopangiwa kwa mkupuo, anazama na anahama, hakai kuangalia matokeo.

Kwa nini Marekani na Ulaya hawakufuata njia hii?

Kwa sababu shida yao haikuwa hiyo. Walikuwa na ndege nyingi za kupiga meli, na nyambizi zao walizielekeza kusaka nyambizi za Wasovieti, kazi ya topido. Kwenye makombora wakachagua kujificha badala ya kukimbia: dogo, linaruka chini sana, joto lake kidogo, na ni jepesi mpaka linaingia kwenye bomba la topido likiwa ndani ya kapsuli. Kombora la mara 2.8 ya sauti linachemka ngozi, linaonekana kwa vifaa vya joto kutoka mbali, na likiruka juu ili lipate masafa rada inaliona mapema. Oniks ikiruka chini chini njia nzima masafa yanashuka mpaka km 120 hivi kutoka 300. Hilo la masafa huwa halitajwi kwenye matangazo.

Na topido bado ni mfalme. Tarehe 2 Mei 1982 nyambizi ya Uingereza HMS Conqueror iliizamisha General Belgrano ya Argentina kwa topido za muundo wa kabla ya vita ya pili ya dunia, watu 323 wakafa. Kombora linatoboa juu na kuwasha moto, topido inapasua chini maji yaingie.

Yanakingika?

Yanakingika, kwa shida. Makombora ya kujikinga kama Barak 8 au SM-6 yametengenezwa kwa kazi hii, na kuna kujaza rada ya adui uongo kwa elektroniki na mawingu ya vipande vya bati. Mizinga ya mwisho kabisa kama Phalanx inapiga vizuri kwenye km 1.5 hivi, kwa mita 850 kwa sekunde hiyo ni chini ya sekunde 2, na hata ukilipasua vipande vyake bado vinakuja kwenye meli na spidi ile ile.

Nyambizi yoyote imeshapiga meli vitani kwa kombora la aina hii?

Hakuna tukio la hivyo lililotangazwa. Nyambizi ya Kirusi Rostov-na-Donu ilirusha makombora ya Kalibr kutoka Mediterania Desemba 2015, lakini zilipiga nchi kavu Syria na hizo za nchi kavu hazipiti spidi ya sauti. Hata manowari ya Kirusi Moskva iliyozama Aprili 2022 ilipigwa na Neptune ya Ukraine, kombora la spidi ya kawaida lililorushwa kutoka pwani.

Kwa nini namba ni 290 kila mahali?

Kwa sababu ya makubaliano ya kudhibiti usambazaji wa makombora, MTCR, yanayobana kuuziana makombora ya km 300 na kuendelea yenye mzigo wa kilo 500. Urusi mwanachama, India wakati huo sio, wakabaki chini ya mstari. India waliingia Juni 2016 na kuanzia 2017 wakajaribu toleo la masafa marefu zaidi.

Na hili dogo linaloitwa BrahMos-NG?

Ni mpango wa kulipunguza, uzito ushuke mpaka karibu nusu na unene upungue hadi liingie kwenye bomba la topido la kawaida. Likikamilika hivyo mjadala wa mitungi ya wima unakuwa hauna haraka tena, Kalvari na Kilo zote zinaweza kufikiriwa, ila baruti ya kichwani lazima ipungue pia. Habari ya macho lakini inabaki palepale, kombora dogo nalo linahitaji mtu wa kuliambia meli iko wapi, kwa hiyo mimi nikisikia tangazo la jaribio jipya naangalia kwanza hilo: alama ililengwa na nani, na habari ilifikaje chini ya maji.